Ni wakati gani mtu arudi kwa mshauri nasaha baada ya kusimamisha vikao?

Mwalimu wa Kitangari

Habari zenu, ndugu wa Kusini. Naomba mawazo yenu katika jambo ambalo nimekuwa nikilizungusha kichwani tangu kifuku kilipoisha. Baada ya kufiwa na mume wangu nilihudhuria vikao kwa mshauri nasaha Mtwara mjini, kila wiki hapo mwanzo, kisha kila baada ya wiki mbili. Nilisimama mvua zilipochachamaa, kwa sababu njia ya kufika Mnivata, ninapopita kwenda mjini, ilikuwa tope tupu na nauli ilikuwa imepanda, na pia, kusema kweli, nilikuwa nimepata nafuu. Hatukuagana. Nilimtumia ujumbe kwamba wiki ile nisingefika, naye akajibu kwamba hakuna shida, na mambo yakaishia hapo.

Kwa sasa usingizi ninaupata, chakula ninakula, na darasani ninafundisha kama kawaida. Lakini tangu watu waanze kupulizia salfa, ile dawa ya ukungu, kwenye mikorosho, nimeanza tabia ambayo sikuwa nayo hata katika wiki zile za mwanzo za msiba. Kengele ya mapumziko ikigongwa, ninaingia stoo ya vitabu, ninafunga komeo kwa ndani, na ninasahihisha madaftari nikiwa nimekalia boksi la chaki mpaka kengele ya pili. Walimu wenzangu wanadhani ninachapa kazi. Simu ya shemeji yangu ikiita, ninailaza kifudifudi mezani mpaka inyamaze.

Je, hali kama hii inatosha kumrudisha mtu kwenye ushauri, au ndiyo maisha yenyewe? Na kama haitoshi, mtu asubiri nini hasa?

Bahari ya Shangani

Pole sana kwa msiba, Mwalimu. Mtazamo wangu huenda usiwapendeze wengi, lakini nitausema. Lengo la vikao ni kumwezesha mtu aishi bila vikao. Kipindi cha kusimama ndicho kipimo, na kipimo hakikatishwi katikati kwa sababu swali moja limekuwa gumu. Bila shaka mshauri alikufundisha mbinu fulani, kama vile kuandika wazo linalokutesa na kulihoji, au kurudi hatua kwa hatua kwenye jambo unalolikwepa. Umezitumia mbinu hizo humo stoo? Kama hujazitumia, anza nazo, ukae nazo kwa muda, ndipo uamue. Mtu akirudi kila anapoguswa, mshauri anageuka mkongojo kwa mguu uliokwisha kupona.

Mkulima wa Nanyamba

Bahari, hayo ni maneno ya mtu ambaye ofisi ya mshauri iko mtaa wa pili kutoka kwake. Sisi wa huku hatuulizi dalili, tunauliza mfuko. Mimi nilianza ushauri kwa sababu ya pombe, na kila mwaka ninarudi msimu wa minada ya korosho, pesa ikishaingia kwenye akaunti kupitia chama cha msingi. Mnada wa kwanza wa Oktoba 2024, bei ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, majirani walikimbilia kununua bati na pikipiki, nami nilikwenda kwanza kwa mshauri, kwa sababu kwangu hatari huja pamoja na pesa. Ninakaa naye mpaka pesa ipungue, kisha tunaachana kwa salama hadi msimu unaofuata. Kwa hiyo jibu langu kwa Mwalimu ni kwamba apange kurudi kwa kalenda, asingoje dalili.

Nesi Mstaafu, Lindi

Nawasalimu. Nimefanya kazi katika kitengo cha afya ya akili kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, hivyo naomba niweke mambo machache sawa kabla uzi haujakimbia.

Kwanza, Bahari anazungumza kana kwamba aliyepona amepona moja kwa moja. Kwa upande wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni iliyozidi, karibu nusu ya watu waliopata tukio moja hupata jingine baadaye maishani, na uwezekano huo huongezeka kwa kila tukio linaloongezeka. Ndiyo maana katika tiba ya utambuzi na tabia, ile ya kuzungumza na kubadili mawazo na mienendo iliyoanzishwa na Aaron Beck miaka ya 1960, vikao havikatwi ghafla. Hupunguzwa taratibu, halafu hupangwa vikao vichache vya kukazia, kwa kawaida baada ya miezi 3, 6 na 12. Mtu anayekwenda kwenye vikao hivyo hajashindwa chochote, kwa kuwa vilikuwa sehemu ya matibabu tangu mwanzo. Utaratibu wa Mkulima, ingawa aliubuni kwa sababu ya mfuko, haupo mbali na huo.

Pili, kipimo kinachotumika sana ni wiki mbili. Huzuni isiyoondoka, kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, usingizi kuharibika, kujiona hufai. Mambo ya namna hii yakidumu siku nyingi ndani ya wiki mbili mfululizo, hayaachwi yajiondokee. Lipo dodoso la kupima sonona, lenye maswali 9, linaloitwa PHQ-9, ambalo alama zake huanzia 0 hadi 27, na anayefikisha 10 au zaidi anapaswa kuonwa na mtaalamu.

Tatu, swali la 9 katika dodoso hilo linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mtu akijibu ndiyo kwa kiwango chochote, hesabu ya alama haina kazi tena: aende siku hiyohiyo katika kituo cha afya kilicho karibu, na asiende peke yake.

Dereva wa Masasi

Asante, Nesi, ila mimi nina mashaka na mtu kujipima mwenyewe. Aliye ndani ya jambo ndiye wa mwisho kuliona. Mwaka ule niliopata ajali nilihudhuria vikao, nikapona, nikarudi barabarani. Baadaye nikaanza kuosha gari usiku. Ninarudi safari saa nne, ninachukua ndoo na tochi, ninasugua matairi, ringi kwa ringi, na nikimaliza ninaanza upya kwa sababu ninahisi kuna kitu kimebaki kwenye tairi la mbele. Mimi niliona ni usafi, tena nikajisifu kwa abiria. Mke wangu ndiye aliyesema, bila ukali, kwamba nilikuwa nikifanya hivyohivyo kabla sijaenda kwa mshauri mara ya kwanza. Dodoso lolote ningelijaza sifuri, maana nilikuwa ninakula na kulala.

Kwa hiyo, Mwalimu, usituulize sisi. Muulize mtu mmoja anayekuona kila siku, umpe ruhusa ya kusema kweli, na usimjibu hapohapo.

Bahari ya Shangani

Dereva, kumbe gari lile linalong'aa pale stendi lina historia ndefu. Lakini umeniunga mkono bila kujua, kwa sababu kilichokurudisha kilikuwa tabia uliyokwisha kuifahamu tangu mara ya kwanza. Mwalimu anasema stoo ni jambo jipya.

Binti Mwera

Naomba niingie hapo kwenye alama, kwa sababu zilinigharimu. Nilikuwa chuoni, nikasimama vikao wakati wa mafunzo kwa vitendo, na kila wiki nilikuwa nikijipima kwa dodoso hilohilo kwenye simu. Alama zikawa 7, zikawa 8, zikarudi 7. Nikajiambia kwamba bado sijafika 10, hivyo sina haki ya kumsumbua mtu. Wakati huo nilikuwa sijafua nguo, nilikuwa ninavaa sare ileile na kuinyunyizia manukato, na rafiki zangu wote walikuwa wamekwisha kuacha kunialika popote. Siku alama zilipofika 10 sikuzihesabu hata kidogo, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kushika simu. Mjomba wangu ndiye aliyenipeleka hospitali.

Namba ile ilinifanya nisubiri kibali. Kwa hiyo mimi naona mtu arudi pale anapoanza kujiuliza kama arudi. Aliye mzima hajiulizi.

Nesi Mstaafu, Lindi

Pole, binti yangu, na asante kwa kueleza. Alama 5 hadi 9 huhesabiwa kuwa dalili nyepesi, na nyepesi haimaanishi hakuna. Humaanisha mtu afuatiliwe kwa karibu, hasa kama amewahi kuugua. Aidha, chini ya yale maswali 9 lipo swali la nyongeza ambalo wengi hulipita, linalouliza dalili hizo zimekuwekea ugumu kiasi gani katika kazi, nyumbani na katika kuishi na watu. Kwa yale uliyoyasimulia, jibu lako la swali hilo lingetosha kukurudisha hata alama zingekuwa 6.

Hata hivyo sikubaliani kwamba aliye mzima hajiulizi. Watu wengi waliopona hujiuliza hadi wachoke, kwa sababu wanaogopa kurudi walikotoka, na wengine hulazimika kusaidiwa ili waache kujipimapima.

Ustadhi wa Mikindani

Assalamu alaykum. Mimi ni mtu wa madrasa, na wapo wanaotarajia niseme kwamba dada asomewe kisomo basi yaishe. Kisomo kina nafasi yake na sitaacha kukipendekeza, lakini nimewaona wajane wengi, na ninaona mnasahau jambo la muda. Eda ya mfiwa ni miezi 4 na siku 10. Katika kipindi hicho jamii inamstahi mjane, inamletea chakula, inamsamehe asipotoka. Siku eda inapokwisha, watu wanaondoka kwa pamoja, na yeye anatakiwa awe mtu wa kawaida kuanzia asubuhi inayofuata. Sijui kama Mwalimu ni Muislamu, na si lazima aseme, lakini kwa Wakristo nako baada ya arobaini mambo huwa hayatofautiani sana. Huenda vikao vilimsaidia wakati ambapo watu bado walikuwapo, na sasa ndipo anaonja upweke wenyewe. Kama ni hivyo, huu si ugonjwa uliorudi. Ni sehemu ya pili ya msiba, ambayo haikuwahi kufanyiwa kikao.

Mkulima wa Nanyamba

Ustadhi umenena. Nami niongeze kwamba si kila kitu kinahitaji mtaalamu wa mjini. Niliwahi kusikia kwamba kule Malawi akina bibi hukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu, na watu wanapona. Bibi zetu wa hapa Nanyamba wangeweza kazi hiyo, ila siri zote zingefika gulioni kabla ya saa sita.

Nesi Mstaafu, Lindi

Mpango huo ulianzia Zimbabwe mwaka 2006, jijini Harare, chini ya daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, ndipo ukasambaa kwingine, Malawi ikiwamo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida ya zahanati. Tena mabibi hao hufundishwa kazi na husimamiwa, pamoja na namna ya kutunza siri, kwa hiyo wa Nanyamba nao wangefundishika.

Kinachohusu uzi huu ni kwamba vikao vya mtu mmoja kwenye benchi havizidi 6, na baada ya hapo mhusika hualikwa kwenye kikundi cha waliopitia benchi hilohilo, ambako hukutana na kufanya kazi ndogo za mikono huku wakizungumza. Yaani hawakumwachia mtu aamue peke yake kama arudi au asirudi.

Msaidizi wa Sheria

Nimesoma kimya tangu mwanzo, na ninashangaa kwamba mmezunguka kote huko bila kugusa sentensi moja. Mwalimu amesema tabia ya stoo ilianza watu walipoanza kupulizia salfa, na simu anayoikwepa ni ya shemeji. Mwalimu, marehemu aliacha mikorosho?

Mwalimu wa Kitangari

Nawashukuru wote. Ndiyo, aliacha shamba, na ninajua unakoelekea. Mwaka huu shemeji aliingia shambani na watu wake na mashine ya kupulizia bila kuniambia, akapulizia miti yote. Desturi ya huku mnaijua: aliyepulizia ndiye huja kudai mavuno. Hajasema neno lolote la ubaya. Ananipigia kunijulisha kazi imefika wapi, kwa upole kabisa, kana kwamba ananisaidia, na mimi ninashindwa kupokea kwa sababu nikipokea nitalazimika ama kumshukuru au kumpinga.

Msaidizi wa Sheria

Basi, kwa heshima zote kwa Nesi na Ustadhi, mimi sioni maradhi hapo. Ninaona mwanamke anayejificha kwa sababu shamba lake linachukuliwa taratibu. Kabla ya kwenda Mtwara mjini, fungua shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, apatikane msimamizi wa mirathi, na kila mali iandikwe. Utashangaa jinsi stoo itakavyokosa mvuto.

Binti Mwera

Kaka, kama angekuwa na uwezo wa kusimama mbele ya hakimu na ukoo mzima wa mumewe, asingekuwa anashindwa kupokea simu. Unamwambia aanze na lile ambalo ndilo linalomshinda.

Mwana wa Kilwa

Salaam. Ninadhani Msaidizi na Binti wote wawili wana hoja, lakini ninataka kurudi kwenye neno la Mwalimu lililopitwa haraka: hawakuagana. Mimi mshauri wangu alikuwa Dar es Salaam. Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika huku kwetu Kilwa na safari zikasimama. Tukakubaliana kuongea kwa video, na wiki hiyohiyo nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Baada ya hapo kila mmoja akanyamaza. Mimi nilidhani ameshachoka nami, na yeye, kama nilivyokuja kuelewa, aliheshimu ukimya wangu akidhani nimeamua kuacha.

Nilikaa hivyo muda mrefu, nikijiuliza kila mara kama nimefikia kiwango cha kurudi. Niliporudi hatimaye, tulitumia kikao chote kuzungumzia namna tulivyoachana, hatukugusa ugonjwa hata mara moja, na baada ya hapo niligundua kwamba sikuhitaji mfululizo mwingine. Kilichokuwa kinanisumbua ni ile habari iliyokatika katikati. Kwa hiyo, Mwalimu, huenda swali la kama umezidiwa au hujazidiwa siyo swali lako. Unaweza kurudi kwa kikao kimoja cha kufunga hesabu, na humohumo mkaamua kama kuna haja ya vingine.

Bahari ya Shangani

Hapo Mwana wa Kilwa amenipunguzia ubishi, ingawa hajaumaliza. Kikao kimoja chenye kusudi ninakikubali. Ninachokikataa ni kurudi bila kujua unakwenda kufanya nini, ukaketi pale na kusimulia wiki yako kwa mtu unayemlipa. Mwalimu akienda, aende na swali lililoandikwa.

Nesi Mstaafu, Lindi

Jambo moja kuhusu msiba wenyewe, kwa sababu Ustadhi aligusia muda. Wataalamu nao hawajakubaliana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, ICD-11, huruhusu maombolezo yaliyorefuka yahesabiwe kuwa tatizo la kiafya baada ya miezi 6, ikiwa yanamzuia mtu kuishi na yamepita kiasi cha mila za jamii yake. Mwongozo wa Marekani uliotolewa mwaka 2022 unataka mwaka mzima kwa mtu mzima. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mgonjwa kwa kitabu kimoja na mfiwa wa kawaida kwa kingine. Ndiyo maana sipendi kuangalia kalenda peke yake, ninaangalia maisha yanapanuka au yanasinyaa. Miezi michache iliyopita Mwalimu alikuwa anakaa na wenzake wakati wa mapumziko, na sasa hakai.

Na kwa wanaosoma wasio na mshauri wa kurudi kwake, anzeni katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa walioko Mtwara na Sokoine kwa Lindi, mkauliza huduma za afya ya akili au ofisi ya ustawi wa jamii. Walio kwenye dawa wasiziache kwa sababu tu wamesimamisha vikao. Dawa za sonona kwa kawaida huendelezwa miezi 9 hadi 12 baada ya nafuu, na hupunguzwa taratibu kwa maelekezo ya daktari.

Mwalimu wa Kitangari

Nimejaribu kuandika ujumbe, naomba mnisaidie kuusahihisha: "Shikamoo dada. Samahani sana kwa kupotea na kukusumbua tena. Najua una watu wengi wenye shida kubwa kuliko mimi. Kama itawezekana siku moja ukapata nafasi ningependa kukuona, lakini si lazima."

Dereva wa Masasi

Mwalimu, ujumbe huo ukimfikia, atajibu kwamba hakuna shida, kama alivyojibu mara ya kwanza. Hujaomba kitu.

Binti Mwera

Ondoa samahani, ondoa habari za wenye shida kubwa, na ondoa hilo la si lazima. Andika siku unazoweza kufika. Mimi niliandika tu: "Nataka kikao. Jumamosi ipi una nafasi?" Nikajibiwa siku hiyohiyo.

Mkulima wa Nanyamba

Shikamoo aiache. Binti Mwera atatufundisha kuandika barua kwa mkuu wa mkoa bila salamu.

Mwalimu wa Kitangari

Nimeupunguza. Sasa unasema: "Shikamoo dada. Naomba kikao kimoja, Jumamosi yoyote mwezi huu. Nina swali moja kuhusu shemeji yangu na shamba." Bado sijautuma, kwa sababu Msaidizi amenitia shaka. Mahakama iko karibu nami na mshauri yuko mbali, na kwa nauli niliyonayo mwezi huu nitachagua kimoja.

Msaidizi wa Sheria

Mahakama. Salfa ikishapuliziwa, mavuno hayako mbali, na shamba halitasubiri mpaka upate ujasiri.

Nesi Mstaafu, Lindi

Mshauri, tena muulize kama anaweza kukupa nusu saa kwa simu kabla hujapanda gari. Ukishazungumza naye, utakwenda mahakamani ukiwa umejua unataka kusema nini.

Mwana wa Kilwa

Akikubali kwa simu, Mwalimu, usiongee naye ukiwa stoo.